Subira ya Baba na Maumivu ya Mtoto

Miongoni mwa vitabu vilivyokaa karibu nami tangu nilipostaafu ualimu, kipo kimoja cha Kiarabu kiitwacho Tuhfatul-Mawdud bi Ahkamil-Mawlud, kilichoandikwa na Sheikh Ibn Qayyim al-Jawziyya wa Damascus, katika nchi ya Sham. Kwa Kiswahili jina hilo laweza kufasiriwa kuwa ni tunu ya mpenzi juu ya hukumu za mtoto mchanga. Hapa kwetu pwani wengi wanaokijua wamekijua kwa kusikia tu. Imamu hukitaja anapozungumzia akika, mzee hukitaja anapotaka kukata shauri la jina la mjukuu, na muuza dawa za Kisunna hukitaja ili chupa yake ipate heshima. Waliofuatana na mwandishi tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho ni wachache. Nami Kiarabu changu ni cha chuoni, na pale kilipopungua nilimwendea sheikh wa jirani akanifungulia.

Nimeona niandike juu ya kitabu hiki kwa sababu ya swali moja nililolisikia mara nyingi, barazani na katika mikutano ya wazazi. Je, Uislamu unampa baba ruhusa ya kukataa tiba ya mtoto wake? Naamini kitabu hiki kimebeba sehemu kubwa ya jawabu. Sehemu kisichoibeba ni vyema nayo ijulikane, ili tusimtwishe mwandishi mzigo usiokuwa wake.

Ibn Qayyim alizaliwa mwaka 1292 na kufariki mwaka 1350. Alikuwa mtu wa madhehebu ya Hanbali, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Taymiyya, na aliwahi kufungwa pamoja na mwalimu wake huyo katika ngome ya Damascus. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi tunao wenzetu wasiopenda hata kulisikia jina la mwalimu huyo. Ugomvi huo siuingii, maana mtoto mwenye homa haulizwi madhehebu yake. Imepokewa kuwa kitabu chenyewe kiliandikwa mwanawe alipopata mtoto. Babu hakuwa na mali ya kumtunza mzazi, basi akampa elimu aliyokuwa nayo.

Kitabu kina milango 17. Mwandishi anaanza na kutaka kizazi, kisha anakwenda kwenye ubaya wa kununa azaliwapo mtoto wa kike, bishara, adhana sikioni, kumlambisha tende, akika, kunyoa nywele, kupewa jina, tohara, kutoboa masikio, mkojo wa mtoto mchanga, kuwabeba watoto ndani ya sala, kuwabusu, kuwafunza adabu na kuwafanyia uadilifu. Mlango wa 16 ni wa malezi ya mwili: kunyonya, kuota meno, kuanza kusema, kutembea, kuachishwa ziwa. Mlango wa mwisho unamfuata binadamu tangu tone la manii hadi makazi yake ya Akhera. Katika vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa utotoni, mtoto hutajwa pale anapoligusa jambo la wakubwa, kama vile urithi, zaka na talaka. Hapa mtoto ndiye mwenye kitabu, na wakubwa ndio wanaotajwa kwa sababu yake. Jambo hilo peke yake linatosha kukipa kitabu nafasi rafuni.

Mlango niliourudia zaidi ni wa tohara. Huko ndani ndiko mwandishi anakoiweka misingi ambayo daktari na mzazi wa leo wanaihitaji, ingawa yeye alikuwa akizungumza juu ya kisu cha ngariba.

Kwanza, anasema kuwa wajibu wa tohara huondoka pale mtoto anapokuwa dhaifu hata ikahofiwa kuwa kisu kitamwangamiza. Tazama jambo hili vizuri. Mtu aliyeitazama tohara kuwa ni wajibu mkubwa wa dini, anakubali kuwa uhai wa mtoto unatangulia. Pili, anamweka ngariba mbele ya hukumu. Akiwa fundi anayejulikana, amepewa idhini, na mkono wake haukukosea, basi lililotokea baadaye halimo shingoni mwake. Mkono ukikosea, atalipa. Na asiyejulikana kwa ufundi huo akijitia kutahiri, atalipa pia, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikwisha kufundisha kuwa anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu huyo ni mdhamini wa madhara aliyoyaleta. Laiti fundisho hili moja lingeandikwa kwenye mlango wa kila kibanda cha dawa na kila zahanati ya uchochoroni.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha kitabu kwa swali letu, anauliza: Je, ikiwa mtu ametahiriwa wakati wa joto kali au baridi kali, au akiwa katika udhaifu unaohofiwa, na ruhusa ilikwisha kutolewa? Anajibu kuwa mtu mzima mwenye akili akiruhusu mwenyewe, ngariba hadaiwi, kwa sababu mwenye haki ameiacha haki yake. Mtoto akiruhusu, ngariba anadaiwa, kwa sababu ruhusa ya mtoto haihesabiwi katika sheria. Na baba akiruhusu? Hapo mwandishi anasimama kidogo kupima nani hasa atalipa, baba aliyesababisha au ngariba aliyetenda kwa mkono wake, na anaelekea kumdai aliyetenda. Lisilomkalia akilini hata kidogo ni kwamba ruhusa ya baba imelifuta deni. Mtoto ameumizwa, na kuna anayedaiwa. Kinachotafutwa ni jina la mdaiwa tu.

Maana yake ni kuwa idhini ya baba si sawa na idhini ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Mtu mzima anaweza kuiachilia haki yake. Baba hawezi kuiachilia haki ya mtoto, kwa sababu si yake. Ni mlinzi wa mali ya mwenziwe, na mlinzi hana mamlaka ya kugawa alichokabidhiwa kukilinda.

Sasa tulichukue jambo hili tulipeleke kwenye swali la tiba. Katika fikihi kongwe, na kwetu Mashafi hasa, kujitibu kumehesabiwa kuwa ni jambo lililopendekezwa, lisilofika daraja la wajibu. Maulamaa hao walikuwa na hoja, kwani dawa nyingi za zama zao zilikuwa za kubahatisha, na haikuwezekana kumlazimisha mtu kunywa kitu ambacho faida yake haikuwa na yakini. Tena ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba dua, akaelezwa kuwa akitaka ataombewa apone, na akitaka atasubiri naye atapata Pepo. Akachagua kusubiri, ila aliomba asifunuke mwili anapoanguka. Hadithi hii nimeisikia ikitolewa na wazazi, na hata na baadhi ya walimu wa chuoni, kuwa ni hoja ya kutompeleka mtoto hospitali. Wanasema kuwa subira ni bora kuliko dawa.

Nasema kuwa hoja hiyo haisimami, na anayeiangusha ni Ibn Qayyim. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima. Aliulizwa mwenyewe, akachagua mwenyewe, na ugonjwa ulikuwa wake. Subira ni tendo la moyo wa anayeumwa. Baba anaposema, "Mimi nimesubiri," huku anayetapatapa kwa homa ni mtoto wa miaka miwili, huyo baba hakusubiri lolote. Aliyesubirishwa ni mtoto, na hakuulizwa. Kama ruhusa ya baba haiwezi kuhalalisha kisu kinachodhuru, basi katazo lake nalo haliwezi kuhalalisha kunyimwa dawa kunakodhuru. Hatua hii ya mwisho ni yangu, mwandishi hakuiandika, lakini sioni jinsi mtu anavyoweza kuukubali msingi wake na kuikataa.

Na wala asiseme mtu kuwa dawa inapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ibn Qayyim huyu huyu, katika ule utabibu wa Mtume alioupanga ndani ya kitabu chake kikubwa Zadul-Maad, amelimaliza jambo hilo. Anayejitibu havunji tawakali yake, kama asivyoivunja anayekula kwa sababu ya njaa au anayejifunika kwa sababu ya baridi. Humo humo anafundisha kuwa inapasa kumtafuta tabibu aliye bingwa zaidi, na anatoa ushahidi kwa habari ya Mtume (S.A.W.) kuwauliza matabibu wawili nani kati yao ajuaye zaidi. Dua na dawa kwake zilikaa mkeka mmoja. Huku kwetu wako wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, basi humzungusha kwa waganga mpaka malaria imekwisha kupanda kichwani. Akifika hospitali amechelewa, hufa, na kifo chake kinakuwa ushahidi mwingine dhidi ya sindano. Kumsomea mtoto njiani kuelekea hospitali hakukatazwi na yeyote. Lililo baya ni kusoma badala ya kwenda.

Nimekisifu kitabu, na sasa sina budi kueleza pale ninapokikosoa. Katika mlango wa 16, mwandishi anashauri kuwa mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine kwa siku mbili au tatu za mwanzo, kwa sababu maziwa ya mama katika siku hizo ni mazito na yana mchanganyiko usiofaa. Maziwa hayo ndiyo sisi tunayoyaita dang'a. Elimu ya leo inasema kinyume kabisa. Dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto awekwe ziwani ndani ya saa moja tangu kuzaliwa na anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Pengine anasema kuwa wazazi wasisumbuke mtoto anapolia kwa kutaka ziwa, kwani kilio humpanua kifua na kumpasha joto ubongo. Mama yeyote aliyekesha usiku angekuwa na neno la kumwambia Sheikh hapo. Ushauri mwingine haukuchakaa: kumwachisha ziwa taratibu, kutomlazimisha kutembea kabla ya miguu kuwa tayari, kumkinga na sauti za kushtua.

Tufanyeje na makosa kama ya dang'a? Wako wanaoyaficha ili kuihifadhi heshima ya Sheikh. Wengine, na hao ni hatari zaidi, huyafuata kwa kuwa yamo katika kitabu cha dini. Wote hawa hawakumwelewa. Habari ya dang'a hakuitoa katika Kurani wala hadithi. Aliichukua kwa matabibu wa wakati wake, ambao elimu yao ilitoka kwa Wagiriki na ikapitia kwa watu kama Ibn Sina. Kurani yenyewe, katika Sura ya Baqara, inawataja akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili, na haikuzitoa siku tatu za mwanzo. Alichokifanya mwandishi ni kuwauliza wajuzi wa zama zake. Anayetaka kumfuata kwa kweli naye awaulize wajuzi wa zama zetu. Wanafunzi wangu wa ualimu nilikuwa nikiwaambia kuwa kitabu cha kale kina sauti mbili, sauti ya mwenyewe na sauti ya wakati wake, na kazi ya msomaji ni kuzitenga.

Kipimo hicho hicho nakipeleka kwenye tende ya mtoto mchanga. Kumpaka mtoto tende iliyolainishwa ni sunna. Lakini wako wanaoshika asali badala ya tende, na madaktari wanaonya kuwa asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha mwili, na tumbo changa halina nguvu ya kuvishinda. Hakuna sunna inayopotea kwa kuiacha asali.

Palipo pagumu zaidi ni kwa watoto wa kike. Mlango wa tohara unawazungumzia nao, na mwandishi anaijadili tohara yao kama walivyoijadili wanazuoni wengine, akipima kama ni wajibu au ni sunna. Hapa siwezi kupita kimya. Kile anachokiweka kwa mtoto wa kiume, kwamba hofu ya madhara huondoa wajibu, ndicho kinachomhukumu katika suala la wasichana. Madhara yamejulikana: kuvuja damu, maradhi ya kudumu, taabu wakati wa kujifungua, na vifo. Mwaka 2007 huko Misri, baada ya msichana mdogo kufariki katika kukeketwa, Mufti Mkuu Ali Gomaa alitangaza kuwa jambo hilo ni haramu, na mwaka 2008 sheria ya nchi ikalifanya kuwa kosa la jinai. Tanzania ilikwisha kulikataza kwa watoto walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, na Kenya ikatunga sheria yake maalumu mwaka 2011. Anayeushika ukurasa wa Ibn Qayyim ili kumtetea ngariba wa wasichana amelishika tawi na kulikata shina.

Nimesema kuwa kuna sehemu ya jawabu ambayo kitabu hakiibebi. Ibn Qayyim anatuambia nani atadaiwa baada ya madhara. Hatuambii nani ataamua kabla ya madhara, pale baba anapokataa na saa zinakwenda. Pengo hili lilikuja kuzibwa karne nyingi baadaye, Mei 1992, katika kikao cha saba cha Baraza la Kimataifa la Fikihi kilichofanyika Jeddah. Azimio lao namba 67 ni fupi, na laiti lingesomwa misikitini kama zinavyosomwa hukumu za mwandamo wa mwezi. Linasema kuwa kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kutaleta kifo, kupotea kwa kiungo au ulemavu, au ikiwa ugonjwa wenyewe unaambukiza wengine. Linasema kuwa idhini ya asiye na uwezo wa kuamua hutolewa na walii wake, lakini mamlaka ya walii yana mpaka, nao ni maslahi ya anayemsimamia. Walii akikataa tiba kwa njia iliyo wazi kuwa inamdhuru anayemsimamia, kukataa kwake hakuhesabiwi, na haki ya kuamua inahamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mwenye mamlaka ya nchi. Tena linasema kuwa mwenye mamlaka anaweza kulazimisha tiba katika maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga, na kwamba maisha yanapokuwa hatarini, tiba haingoji idhini ya mtu.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Nilipokuwa mkuu wa chuo, mtoto wa mfanyakazi wetu mmoja alishikwa usiku na ngiri iliyokaza. Tulimpeleka kwa gari la chuo, mimi, mama yake, na kaka mkubwa wa baba yake. Baba mwenyewe alikuwa safarini. Hospitali wakataka sahihi ya baba. Mama akasema yeye atatia sahihi, akajibiwa kuwa anatakiwa mtu wa upande wa baba. Ami naye alikuwepo, akasema hawezi kukubali mtoto wa nduguye apasuliwe bila ya nduguye kujua, na kuwa tumwachie Mungu mpaka asubuhi. Mama yule hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na mtoto mapajani, akawa anatutazama mmoja mmoja. Daktari kijana wa zamu alipokuja na kulipapasa tumbo, alisema kuwa asubuhi hakutakuwa na mtu wa kupasua, akaandika jina lake mwenyewe pale palipotakiwa sahihi, na mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji. Alipona. Daktari yule hakuwa Mwislamu, wala sidhani kama alijua kuna kikao cha Jeddah, lakini alitenda kama azimio lilivyosema.

Usiku ule ndio ulionionyesha upungufu wa azimio. Linataja walii, kisha mawalii wengine, kisha mwenye mamlaka. Mama hakutajwa kwa jina. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kuwa yule ami alikuwa na neno katika jambo hili na mama hakuwa nalo. Ilhali katika aya ile ile ya Baqara niliyoitaja, kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati kumefungamanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili, baba na mama. Ikiwa kukatiza maziwa kunahitaji kauli ya mama, kukatiza uhai kutakosaje kuihitaji? Ningependa wanazuoni watakaolirudia azimio hilo waiandike sentensi hiyo moja inayokosekana.

Upungufu wa pili unaonekana tukitazama yaliyotokea Kano, kaskazini ya Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilijaribu dawa mpya kwa watoto wapatao 200 mjini humo. Watoto 11 kati ya waliokuwa katika jaribio walifariki. Wazazi walilalamika kuwa hawakuelezwa kuwa watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kampuni ilikanusha kuwa dawa yake ndiyo iliyoua, na mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo kulipa dola milioni 75. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, ikaja kampeni ya matone ya polio. Viongozi wa dini na wa siasa wakasema kuwa matone yana dawa ya kuzuia uzazi, na Kano ikayasimamisha mpaka Julai 2004, yalipokubaliwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kwa wakati huo virusi vilikuwa vimekwisha kutoka Nigeria na kuingia nchi nyingine nyingi. Mwaka 2005 vilizuka Yemen, na vikafika mpaka Indonesia kwenyewe.

Kisheria jawabu la Kano lilikuwa tayari tangu Jeddah mwaka 1992, kwa kuwa chanjo za kinga zilikwisha kutajwa kwa jina. Lakini azimio linamtegemea mwenye mamlaka, na Kano mwenye mamlaka ndiye aliyekataza. Tena linamtaka mzazi amwamini tabibu bila ya kusema tabibu naye afanye nini ili aaminike. Hapa ndipo ninapomrudia Ibn Qayyim, maana yeye alianza na dhamana ya tabibu. Mzazi wa Kano aliyeogopa hakuwa mjinga. Alikuwa ameona watoto wakitumiwa, na hakuona haraka mtu akidaiwa. Kudai chanjo ipimwe ni haki yake. Lakini chanjo ikishapimwa na ikaonekana salama, kuendelea kukataa kunageuka kuwa kumlipisha mtoto deni la watu wazima. Matone yale hayakuwa ya Pfizer, na mguu uliopooza haukuwa wa gavana.

Mfano wa mwenendo ulio bora ulitoka baadaye Indonesia hiyo hiyo. Mwaka 2018, Baraza la Maulamaa la nchi hiyo liliulizwa juu ya chanjo ya surua na rubela iliyokuwa imetumia kitu cha nguruwe katika utengenezaji wake. Hawakuficha. Walisema kuwa asili ya kitu hicho ni haramu, kisha wakasema kuwa inaruhusiwa kuitumia kwa dharura, maadamu hakuna badala yake iliyo halali na wajuzi wameeleza hatari ya kutochanja. Mzazi aliyeisikia fatwa hiyo aliambiwa kweli yote, akaachiwa njia ya kumlinda mtoto wake. Barani Afrika nako, baada ya miaka mingi ya kuwashirikisha masheikh na machifu wa Nigeria, virusi vya asili vya polio vilitangazwa kuwa vimetokomezwa Agosti 2020.

Hukumu yangu juu ya Tuhfatul-Mawdud basi ni hii. Kama kitabu cha utabibu, kimepitwa, na kukitumia hivyo ni kumdhulumu mtoto na mwandishi pamoja. Kama kitabu cha haki za mtoto, bado kinatutangulia kwa mambo mawili: kwamba anayemgusa mtoto kwa kisu au kwa dawa anadaiwa, na kwamba kauli ya baba haimfuti mdai. Kinahitaji kusomwa pamoja na azimio la Jeddah, na vyote viwili visomwe na mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa.

Ningekuwa bado natunga mitaala, ningeliweka somo hili katika madarasa ya walimu wa chuoni na katika vyuo vya ualimu, lifundishwe na sheikh na mganga wa wilaya wakiwa wamekaa meza moja. Kwa sasa nawaomba maimamu jambo dogo. Watakapotoa khutuba juu ya subira, wawaeleze waumini kuwa subira ya mtu ni kwa maumivu yake mwenyewe, na kwamba mtoto mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, awe baba yupo au hayupo.